Umesoma kwa Nani? Maoni juu ya Uongozi wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Unguja

Mtu aliyekuwa akitafuta elimu katika mji wa Unguja miaka mia iliyopita, alipoulizwa habari za masomo yake, hakuulizwa amesoma wapi. Aliulizwa amesoma kwa nani. Swali hilo bado husikika kwa wazee wa Mji Mkongwe na katika darsa za misikitini, lakini katika ofisi za vyuo vikuu vyetu ni nadra kulisikia. Huko tunaulizana wapi: wapi ulipochukua shahada ya kwanza, wapi ya pili, wapi ya tatu. Mimi mwenyewe huulizwa hivyo mara kwa mara, na nikikitaja chuo cha Ulaya nilichosomea uzamivu, mwenye kuuliza huridhika, wala hataki kujua ni nani aliyeyasoma niliyoyaandika akanirudishia. Nia ya makala haya ni kulichungua badiliko hilo la maneno mawili madogo, kutoka "kwa nani" kwenda "wapi", na kuonyesha kwamba si badiliko la lugha peke yake.

Nimeazimia kulitazama jambo hili kama mhakiki alitazamavyo, yaani kwa kuyasoma maandishi. Maandishi ninayoyakusudia si riwaya wala tenzi. Ni yale ambayo kila mhadhiri na kila mwanafunzi wa shahada za juu huyaandika, na ambayo hayajapata mtu wa kuyahakiki: ukurasa wa ithibati ulio mwanzoni mwa tasnifu, ukurasa wa shukurani unaokuja baada yake, na yale maneno machache ya wino mwekundu yaliyo pambizoni mwa rasimu. Mbele ya kurasa hizo nitaweka kitabu kimoja cha mwaka 1972, ambacho wengi wetu tunacho rafuni na tunakifungua tunapotafuta tarehe tu.

Lakini kwanza majina. Mwenye kumwongoza mwanafunzi katika utafiti tumemwita msimamizi, na mwenye kupewa kundi la wanafunzi awasaidie katika mambo ya masomo yao tumemwita mshauri. Yote mawili ni maneno mazuri ya Kiswahili na sina haja ya kuyafukuza. Walakini neno halihami peke yake. Huhama na vyombo vyake. Katika kitabu cha Edward Steere juu ya Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, kilichotoka mwaka 1870, msimamizi ni mkubwa wa shamba. Wa pili wake ni nokoa, na wa tatu ni kadamu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi ya mashamba katika zama za utumwa. Msimamizi hakupanda mkarafuu wala hakuchuma. Kazi yake ilikuwa kuona kwamba wengine wamepanda na wamechuma, kisha akampa hesabu mwenye shamba. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 nayo ililipokea neno kwa maana ya mwangalizi wa kazi za watu.

Sisemi kwamba kila msimamizi wa tasnifu ni mnyapara. Maneno hubadilika maana, na mwenye kulihukumu neno kwa asili yake tu hufanya kosa ambalo sisi wenyewe huwakanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: kwamba hapa maana ya zamani imekuta nyumba iliyo tayari. Tuna fomu inayouliza kama kazi inaendelea au haiendelei. Tuna tarehe ya mwisho. Tuna mwenye shamba, ambaye ni ofisi ya juu, naye anataka hesabu kila baada ya miezi kadhaa. Mtu akiwekwa katika mambo hayo akaitwa msimamizi, atasimamia.

Neno mshauri lina kisa kingine. Shauri lilitoka Kiarabu, na katika Kiswahili limetanda sana: ni nasaha, ni mpango, ni jambo, hata daawa ya mahakamani. Watu hula shauri, hupiga shauri, hukata shauri. Kitenzi chake kinapenda kauli ya kutendana. Waswahili hushauriana kuliko wanavyoshauri; posa ikiletwa, wajomba na mashangazi huitwa washauriane, wala haendi mtu mmoja akawashauri wengine. Asemaye "nilimshauri" aghalabu anajitetea: nilimshauri, hakusikia. Tena shauri hilo hilo ndilo tunalolitumia tunapomwachia mtu mzigo wake na kugeuka: shauri yako! (Wenye sarufi watasema ni "shauri lako", na kweli ndivyo, lakini mwenye kughadhibika hatazami ngeli.) Basi neno moja lina milango miwili, wa kuingia watu pamoja na wa kumtolea mtu nje peke yake, na jina la mshauri halituambii ni mlango upi uliofunguliwa.

Sasa tuifungue tasnifu. Katika vyuo vikuu vya Tanzania ni desturi kwamba katika kurasa za mwanzo uwepo ukurasa wa ithibati ya msimamizi. Maneno hutofautiana kidogo kutoka chuo hadi chuo, lakini mtungo ni mmoja: aliyetia saini hapo chini anathibitisha kwamba ameisoma tasnifu hii, naye anapendekeza ikubaliwe. Ukurasa huu ni mfupi kuliko takriban zote, na kwa maoni yangu ndio mzito kuliko zote. Tazama kitenzi chake. Hakisemi amesimamia, wala hakisemi ameshauri. Kinasema amesoma. Waliouweka mtungo huo waliijua kazi yenyewe ni nini, hata kama jina walilompa mwenye kuifanya lilikuwa jingine.

Walakini kitenzi hicho kina udhaifu wa namna mbili. Kwanza kiko katika wakati timilifu, na kiambishi cha -me- hueleza jambo lililokwisha na ambalo athari yake ingali ipo. Hakielezi lilifanywa mara ngapi wala kwa muda gani. Aliyekaa na sura moja siku tatu ameisoma. Aliyeifunua kurasa katika gari kutoka Mwanakwerekwe mpaka mlangoni pa chuo naye atasema ameisoma, wala hakuna mtu wa kumwita mwongo. Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, mtungo uko katika nafsi ya tatu. Haukuandikwa "mimi nimeisoma" bali "aliyetia saini ameisoma". Mtu anajitolea ushahidi juu ya nafsi yake kana kwamba anamsimulia jirani yake. Najua ndivyo hati za sheria zinavyoandikwa. Lakini tasnifu si hati ya kuuza kiwanja.

Ukurasa wa shukurani huandikwa na mwanafunzi, nao umekwisha kuwa fani yenye kanuni zake. Hutangulizwa Mwenyezi Mungu, kisha msimamizi, kisha wazazi, kisha mume au mke na watoto waliovumilia, kisha wenzake wa darasa. Msimamizi husifiwa kwa subira, kwa kutochoka na kwa maoni yenye manufaa. Kwa sababu ya kazi yangu nimezisoma shukurani nyingi sana, na mara chache nimemkuta mwanafunzi aliyesema ni maoni gani hayo. Nakumbuka moja tu, ambayo mwandishi wake alieleza kwamba mwalimu wake alimwambia aache kuzihesabu methali, aende akawasikilize watu wanapozitumia sokoni, na kwamba kwa neno hilo alipoteza miezi minne ya kazi na akaipata tasnifu. Nilipousoma ukurasa ule nilijua kwamba watu wawili walikutana. Katika kurasa nyingine zote najua tu kwamba mmoja ana adabu.

Tuje pambizoni. Mwenye kutaka kujua uongozi wa wanafunzi ulivyo katika chuo chochote asiziombe kanuni; aombe rasimu tano za zamani. Atakuta maneno haya: Ifafanuliwe. Irekebishwe. Iangaliwe upya. Sura hii ifanyiwe kazi. Na mara kwa mara alama ya kuuliza peke yake, imezungushiwa duara. Vitenzi hivyo vyote viko katika sura ile yenye kiishio cha -e, tunayoitumia kwa ombi na kwa amri ya heshima, na vyote viko katika kauli ya kutendwa. Kiima chake ni hoja, sentensi au sura. Mtenda hakutajwa. Bila shaka mtenda ni mwanafunzi, hilo linajulikana. Lakini kwa kufichwa mtenda wa kufafanua amefichwa vilevile mtu asiyeelewa. "Ifafanuliwe" humaanisha kwamba kuna mtu aliyesoma akakwama. Alikwama wapi? Kwa sababu ya neno gani? Alidhani nini kabla ya kukwama? Mambo hayo ndiyo anayoyahitaji mwandishi, na ndiyo ambayo kauli ya kutendwa imeyafunika. Linganisha na maneno kama haya: "Hapa sikuelewa. Unapowataja wenyeji unakusudia watu wa Makunduchi peke yao, au na wa Jambiani pia?" Maneno yameongezeka, ndiyo, labda kwa nusu dakika ya kuandika. Lakini pana nafsi ya kwanza, pana nafsi ya pili, na pana jambo la kujibiwa.

Siyasemi haya kwa kuwasuta wenzangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea sura yake juu ya istilahi za uvuvi za kaskazini ya Unguja. Ilikuwa na maneno mengi niliyokuwa siyajui, ya namna za jarife, ya sehemu za dema, ya wando na mahali unapowekwa. Niliandika juu yake: Sura ifanyiwe kazi. Nilikuwa na rundo la rasimu na safari ya siku mbili mbele yangu. Yeye akaipokea, akasema, "Sawa mwalimu, ahsante," akaenda zake, na sikumwona tena chuoni. Katika fomu ya maendeleo nilijaza kwamba mwanafunzi hajawasiliana na msimamizi, na ilikuwa kweli kwa kila herufi. Nilikutana naye baada ya mwaka na zaidi, Darajani, akiuza vipuri vya simu. Alinishikia moo kwa heshima kamili. Nilipomwuliza habari za tasnifu alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, uliniambia ifanyiwe kazi. Sikujua kazi gani."

Nakala ya pili ya sura ile ilikuwa ingali kwangu. Niliirejea usiku ule. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa ameyapanga maneno kwa alfabeti, kama kamusi, badala ya kuyapanga kwa kazi yenyewe, kutoka kusuka mpaka kutega mpaka kutoa samaki, kwa hiyo uhusiano wa maneno, ambao ndio uliokuwa ugunduzi wake, ulikuwa umetawanyika kurasa ishirini. Kumwonyesha hilo kungechukua saa moja, tukiwa tumekaa pamoja na karatasi baina yetu.

Kitabu nilichoahidi kukiweka mbele ya kurasa hizi ni cha Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Mwandishi wake alizaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa mwalimu, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1982. Wanahistoria wamekitumia sana kitabu hiki kutafutia majina na miaka. Mimi naomba kisomwe pia kama kitabu cha malezi ya kielimu, kwani mambo yanayotiliwa uzito humo ni hayo hayo tunayoyazungumza: mtu fulani alisoma nini, alisoma kwa nani, na nani walisoma kwake. Kihusishi hicho cha "kwa" kina kazi kubwa. Katika Kiswahili "kwa fulani" ni nyumbani kwake, na ni kwa njia yake pia. Asemaye "nilisoma kwa Sheikh fulani" ametaja mahali na mtu kwa pumzi moja. Kwetu sisi wa vyuo vikuu mahali pamebaki na mtu ametoka.

Watu wawili wa kizazi kilichotangulia wanatosha kuwa mfano. Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa kadhi Unguja na mwanachuoni aliyejulikana mbali. Sheikh Abdallah Bakathir alikuwa mzaliwa wa Lamu, na umri wao ulikaribiana mno. Hata hivyo Bakathir alikaa mbele ya Ibn Sumayt kama mwanafunzi, na alipokwisha kuwa mwalimu mkubwa mwenye madrasa yake mwenyewe Ukutani, uhusiano haukukatika. Karibu na mwaka 1914 Bakathir alisafiri mpaka Cape Town, kwa kutumwa na mwalimu wake, akasuluhishe mzozo wa Waislamu wa huko. Fikiri juu ya jambo hili. Mwalimu anamtuma mwanafunzi wake bahari ya mbali akahukumu baina ya watu asiowajua, kwa fikira zake mwenyewe. Na lau angekosea, lingesemwa ni kosa la mwanafunzi wa Ibn Sumayt. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Mfungamano wa namna hiyo ulikuwa na hati yake, nayo ni ijaza. Mwalimu humwandikia mwanafunzi kwamba amemruhusu kusomesha kitabu fulani au fani fulani, na humtajia silsila yake mwenyewe, yeye aliipata kwa nani, na huyo kwa nani. Huandika kwa nafsi ya kwanza: mimi nimemruhusu. Weka ijaza upande huu na ithibati yetu upande wa pili, na tofauti haitahitaji maelezo ya nahau. Katika ijaza, jina lililo hatarini ni la mwalimu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba nawatamani wafu, na kwamba masheikh wale hawakuwa na wanafunzi mia tatu wa mwaka wa kwanza. Jawabu hilo lina ukweli, na mimi mwenyewe nitaongeza mabaya mengine ambayo wapenzi wa zamani hawapendi kuyataja. Halaka zile za Msikiti Gofu na Msikiti Barza zilikuwa za wanaume. Nasaba ilifungua milango ambayo akili peke yake haikuifungua. Kumpinga mwalimu mbele ya watu kulikuwa ni ukosefu wa adabu, hata kama mwalimu amekosea. Tena minyororo mingi ilikatika baada ya mwaka 1964, wanavyuoni wengi walipohama visiwani, na hakuna fomu inayoweza kuiunga leo. Sitaki tuirudie halaka. Nataka tuichukue nafsi ya kwanza iliyokuwamo ndani yake.

Juu ya adabu sina budi kusimama kidogo, maana ndipo penye ugumu khasa. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1994 juu ya adabu ya mazungumzo kwa Waswahili, alituonyesha kwamba mtu wa jamii yetu anapozungumza hailindi heshima yake peke yake. Ana watu nyuma yake anaowasitiri na wanaomsitiri. Mwanafunzi anayeingia ofisini ameingia na sitara hiyo yote. Huamkia, hungoja aulizwe, husema "hewalla", "sawa mwalimu", "inshaallah". Mwalimu aliyerudi kutoka Ulaya, na hapa najisema, huzisikia hewalla hizo kama ishara ya kukubali. Si kweli. Katika Kiswahili cha Unguja hewalla huweza kumaanisha nimekubali, nimesikia, nimechoka, au niruhusu niondoke. Huko nilikosoma, mwalimu wangu alizoea kupingwa, akachukulia kimya changu kuwa ni upungufu wa fikira. Ilichukua mwaka mzima kabla ya yeye kutambua kwamba nilikuwa nikimheshimu na mimi kutambua kwamba alikuwa akinisubiri. Hapa kwetu sote wawili tunaijua lugha ya kimya, na kwa sababu tunaijua hatujisumbui kuifasiri.

Ukumbi nao una athari zake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha mwaka 2001, na Vuga ilikuwa kitovu chake. Mwalimu na mwanafunzi walitokea njia moja, wakapita mbele ya maduka yale yale. Leo kitovu ni Tunguu, wilaya ya Kati, ambako pia kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichofunguliwa mwaka 1998. Na mwaka huo huo ndipo kilipoanza chuo cha Chukwani, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Abdulrahman Al-Sumait. Nafasi imepatikana, na haja ya nafasi ilikuwa kubwa. Asiyekumbuka msongamano wa Vuga asiilaumu Tunguu. Lakini mwanafunzi atokaye mjini hupanda daladala, hufika, hukuta mlango umefungwa, husoma karatasi iliyobandikwa, hurudi. Nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa na baraza mbele yake, na baraza haina hodi. Aliyeketi barazani amekwisha kusema karibu. Mpita njia huketi au hupita, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Ofisi ni kinyume chake. Lazima ubishe, na mwenye kubisha lazima awe na haja iliyokwisha kuwa na umbo. Mwanafunzi ambaye haja yake haijapata umbo, ambaye hajui hata aulize nini, hana mahali pa kukaa. Na huyo ndiye anayemhitaji mwalimu kuliko wote.

Mlango huo una jambo jingine, na makala ya namna hii yakilipita yatakuwa yamefanya woga. Wanawake ni wengi katika madarasa yetu, na wahadhiri wa ngazi za juu bado wengi wao ni wanaume. Mwanamke wa Kiunguja akiingia peke yake katika chumba cha mwanamume na mlango ukafungwa, amewekwa katika dhiki hata kama mwalimu ni mcha Mungu. Wapo wasiomcha. Kudai ngono kwa mwenye cheo kumetajwa kwa jina lake katika sheria ya rushwa ya Tanzania Bara ya mwaka 2007, kwa hiyo si uvumi wa vibarazani. Wanafunzi wetu wa kike wamejitungia dawa yao: huja wawili wawili, mmoja akiwa na rasimu na mwingine akiwa hana kitu. Nimewaona wahadhiri wakichukizwa na desturi hiyo. Mimi naiona ni busara, na nimeanza kuifanya kanuni kwa wote, wanaume na wanawake; kwa sababu yule wa pili, aliyekuja kusindikiza tu, ndiye aghalabu anayesema, "Samahani mwalimu, nadhani hukumwelewa mwenzangu." Wanawake wa visiwa hivi walikuwa na mwongozaji wao kabla ya chuo kikuu, naye ni somo, aliyemfunda mwari, akamwambia mambo waziwazi ambayo mama hakuweza kuyasema, na akaulizwa yeye mambo yalipoharibika. Inastaajabisha kwamba neno hilo hilo, somo, ndilo tunalolitumia kwa kipindi cha darasani, na hatujapata kujiuliza ni lini mtu alitoka na kipindi kikabaki.

Basi tufanye nini? Fomu mpya sizitaki. Kila tunapokusudia kuurekebisha uongozi wa wanafunzi tunaongeza fomu, na fomu ni chombo cha msimamizi kwa maana ile ya Steere. Ninayoyapendekeza ni mambo ya lugha na ya saa. Ukurasa wa ithibati uandikwe upya kwa nafsi ya kwanza, na useme zaidi: mimi fulani nimezisoma sura hizi, tumekaa na mwandishi mara kadha wa kadha, na katika hoja hii hatukukubaliana, naye ameshikilia rai yake. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini, kwani itampa mwanafunzi ruhusa iliyoandikwa ya kutokubali. Pambizoni tujizuie na kauli ya kutendwa kwa muhula mmoja tu, tuone itakuwaje. Na sura zisomwe kwa sauti, mwanafunzi akisoma na mwalimu akisikiliza, kama ilivyokuwa katika darsa. Makosa mengi mwandishi huyasikia mwenyewe kabla hajaambiwa. Ama hesabu ya saa, mwenye wanafunzi 12 akimpa kila mmoja saa moja kila wiki mbili atatumia saa 6 kwa wiki. Zinapatikana. Mwenye wanafunzi 40 hawezi, na anayempa 40 ajue kwamba amemwomba atie saini, hakumwomba asome.

Kuna wenzangu wanaosema kwamba lingefaa neno jipya badala ya msimamizi, na wengine wamependekeza mwelekezi, wengine mlezi. Mlezi lina joto, lakini linamfanya mtu mzima wa miaka thelathini kuwa mtoto. Mwelekezi linaonyesha njia na kubaki njia panda. Kwa upande wangu neno mwalimu lingetosha, kama lingerudishiwa kihusishi chake. Lakini sina haraka na majina, maana Baraza la Kiswahili Zanzibar lina kazi nyingine, na jina jema juu ya desturi mbovu huchakaa mapema.

Ile sura ya istilahi za uvuvi nimekwisha kuisoma yote, mara mbili, na nimeiandikia kurasa tatu kwa nafsi ya kwanza. Mwezi uliopita nilipita Darajani nikamkosa mwenyewe. Kijana wa meza ya jirani alisema ameenda shamba kwa arusi. Nilimwachia bahasha na namba yangu ya simu.